Taa za Motokari ya Zamani: Namna ya Kutafuta Ugonjwa Wake



Kwa kawaida katika ukurasa huu tunasema juu ya malaria, juu ya maji ya kuchemsha, juu ya kofia ya chuma na viatu vya kazi. Leo mtashangaa kuona munganga anafundisha juu ya waya na ampuli. Sababu iko, nami nitaieleza kwanza, maana somo lenyewe limetoka humo.

Ilikuwa usiku, katikati ya majira ya mvua. Mama mmoja wa hapa kwetu Piana-Mwanga alikuwa na uchungu tangu asubuhi. Mkono wa mtoto ulikuwa umetangulia. Mkunga akanitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu sote tulijua kwamba dispansere yetu haina kisu cha kazi hiyo. Niliweka koni tumboni, moyo wa mtoto ulikuwa unapiga vizuri. Tukampakia mama katika ile Land Rover ya zamani, tukashika njia ya Manono.

Tulipokuwa tunashuka kuelekea daraja la miti, gari likapiga shimo, na fari zote mbili zikazimika pamoja. Shoferi alikanyaga breki. Gari lilisimama, miguu ya mbele ikiwa hatua chache tu kutoka kwenye maji. Akasema, “Munganga, lampi zimekufa.” Tulipiga-piga fari kwa mikono, tulivuta waya hapa na pale chini ya kapo, tulibadilisha ampuli moja tuliyokuwa nayo. Hakuna kitu. Basi nikashuka, nikatembea mbele ya gari na torshi mkononi, na kaka ya mgonjwa upande mwingine na taa ya petroli, mpaka kulipopambazuka. Mama alipasuliwa, akapona. Leo yuko mzima, naye ndiye aliyenipa ruhusa ya kuandika habari hii. Mtoto alikuwa amekwisha kufa njiani.

Siwezi kuapa kwamba angeishi kama taa zingewaka. Lakini majuma mawili kabla ya usiku ule shoferi alikuwa ameniambia, “Munganga, fari zinapepesa kwenye mashimo.” Nikamjibu, “Tutaona.” Jibu hilo ni langu, wala sitalitupa juu ya mtu mwingine.

Baadaye fundi mzee wa gereji, ambaye sisi sote tunamwita Baba Fundi, aliamua kulifufua gari lile lote, tangu shasi mpaka karoseri, na mimi nikaomba nimsaidie kila siku ya Mungu baada ya misa. Alinipa kazi ya taa. Alisema mtu aliyesoma kupima wagonjwa anaweza kupima waya. Haya ninayowaandikia nimeyajifunza mikononi mwake, na ninajua kwamba wengi kati yenu mna Land Rover, Toyota, Peugeot au lori ya zamani nyumbani, mnayoitengeneza kidogo kidogo kadiri ya mshahara.

Tuanze na gari lenyewe. Letu ni Land Rover ya namna ya II A, ambayo kiwanda cha Solihull huko Uingereza kiliitengeneza tangu 1961 mpaka 1971. Umeme wake ni wa Lucas, volti 12. Ni gari rahisi. Hakuna ubongo wa elektroniki ndani yake. Kuna batri, dinamo, swichi, fizibli mbili, waya na ampuli, basi. Kila ugonjwa wa taa zake unakaa mahali panapoonekana kwa macho au panapoguswa kwa kidole. Shida ni kwamba watu hawaulizi gari maswali. Wanakimbilia kununua ampuli mpya, kama vile mgonjwa anayekimbilia kununua kinini kwa kila homa.

Swali la kwanza: ni taa moja imekufa, au ni zote mbili? Swali hili peke yake linaokoa nusu ya kazi. Fari ya kushoto na fari ya kulia hula umeme kwa njia moja mpaka karibu na mwisho, ndipo njia hugawanyika. Kama moja imekufa na nyingine inawaka, ugonjwa uko baada ya mgawanyiko: ampuli yenyewe, kishikio chake, au masi yake, ni kusema njia ya umeme kurudi kwenye batri kupitia bodi na shasi. Kama zote mbili zimekufa mara moja, usiguse ampuli. Ni vigumu ampuli mbili kufa katika sekunde moja. Tafuta katika njia ya pamoja.

Swali la pili: ni nini bado inawaka? Usiku ule, shoferi na mimi hatukutazama nyuma. Kama tungetazama tungeona taa nyekundu za nyuma zinawaka vizuri kabisa, na taa ndogo za mbele pia. Maana yake umeme ulikuwa unafika kwenye swichi ya taa na kuipita. Batri ilikuwa nzima. Kilichobaki ni kipande kifupi sana: waya wa bluu unaotoka kwenye swichi ya taa kwenda kwenye swichi ya mguu, ile inayokanyagwa kwa mguu wa kushoto ili kubadilisha fari ndefu na fari fupi, halafu nyaya mbili zinazotoka hapo kwenda mbele.

Na ndipo ugonjwa ulipokuwa. Baba Fundi alipofungua swichi ya mguu, tulikuta tope kavu ndani, shaba imekuwa ya kijani, na waya wa bluu umeshikwa na nyuzi tatu au nne tu, zile nyingine zimekatika. Kila shimo la barabara lilikuwa linatingisha nyuzi hizo. Baba Fundi akachukua kipande cha waya, urefu wa kidole, akaunganisha bluu na bluu-nyekundu moja kwa moja bila kupitia swichi. Fari fupi zikawaka. Alifanya hivyo kwa muda usiozidi dakika moja. Nilitoka nje ya gereji kidogo.

Kwa hiyo jifunzeni rangi za waya za Lucas, maana magari mengi ya Kiingereza ya miaka ile yanazifuata. Kahawia ni umeme mkubwa unaotoka batri, hauzimwi na ufunguo. Nyeupe ni ya ufunguo wa kuwasha injini. Kijani ni vitu vinavyopita fizibli baada ya ufunguo, kama taa za breki na klinyota, zile taa za kuonyesha kona. Nyekundu ni taa ndogo na taa za nyuma. Bluu ni fari: bluu yenye mstari mweupe ni fari ndefu, bluu yenye mstari mwekundu ni fari fupi. Nyeusi ni masi. Lakini angalia: gari lililoishi miaka hamsini limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja ameacha waya wa rangi aliyokuwa nayo mfukoni. Katika letu tulikuta waya wa simu. Rangi ni shahidi mmoja, usimwamini mpaka umepata wa pili.

Shahidi wa pili ni taa ya kupimia. Kila mtu anaweza kuitengeneza: chukua ampuli ndogo ya volti 12, ile ya wati 5 ya taa ya nyuma, unga nyaya mbili, moja ufunge kijibanio mwishoni, nyingine ufunge msumari mwembamba. Kijibanio kikae kwenye chuma safi cha shasi, na msumari uguse pale unapotaka kujua. Ikiwaka, umeme umefika hapo. Endelea mbele, kiungo kwa kiungo, mpaka mahali pasipowaka. Ugonjwa uko kati ya mahali pa mwisho palipowaka na mahali pa kwanza pasipowaka. Hakuna siri nyingine.

Voltimeta ni nzuri pia, lakini inadanganya mtu asiyejua. Yenyewe hainywi umeme ila kidogo sana, kwa hiyo ukipima waya ambao umebaki uzi mmoja, itakuonyesha volti 12 kamili, nawe utasema waya ni mzima. Washa fari kwanza, ndipo upime. Uzi mmoja hauwezi kubeba ampea tano. Hesabu ni hii: fari ya wati 60 kwa volti 12 inakula ampea 5; fari mbili, ampea 10. Mzigo huo ukipita, waya mgonjwa anajisema mwenyewe.

Pima hivi. Fari zikiwa zinawaka, weka ncha moja ya voltimeta kwenye nguzo ya batri inayopeleka umeme kwenye taa, na nyingine kwenye kiungo cha fari kinachopokea umeme huo. Namba unayosoma ndiyo volti zinazopotea njiani. Ikiwa chini ya nusu ya volti, ni vema. Ikizidi volti moja, kuna mahali panapokula umeme. Halafu pima upande wa kurudi: ncha moja kwenye kiungo cha masi cha fari, nyingine kwenye ile nguzo ya batri iliyofungwa kwenye shasi. Katika gari letu, tulipojumlisha pande zote mbili, karibu volti tatu zilikuwa zinapotea kabla ya kuzaa mwanga. Na kumbukeni kwamba ampuli ya uzi hupoteza mwanga haraka kuliko volti: volti zikipungua sehemu moja kwa kumi, mwanga unapungua karibu theluthi. Sasa mnaelewa kwa nini shoferi wetu alikuwa anasema fari zake ni “kama buji”.

Nikae kidogo juu ya masi, kwa sababu Baba Fundi anasema magonjwa mengi ya taa za zamani yanatoka huko, na katika gari letu ilikuwa kweli. Umeme haufiki tu, lazima urudi. Bodi la Land Rover ni aluminium, shasi ni chuma, visi ni vya chuma. Metali hizo mbili zikilala pamoja katika unyevu, kama hapa kwetu kando ya Luvua, hulana, na kati yao huota unga mweupe usiopitisha umeme. Fundi anapaka rangi mpya nzuri, anafunga taa juu ya rangi, na masi imekufa siku hiyo hiyo. Ndiyo maana motokari iliyotoka tu kupakwa rangi mara nyingi ina taa mbaya kuliko ilivyokuwa nayo katika uzee wake.

Dalili za masi mbaya ni za ajabu, unaweza kudhani gari limerogwa. Unakanyaga breki, na taa ndogo zinazimika. Unaonyesha kona ya kulia, na taa ya nyuma inapepesa nayo. Fari moja ina mwanga mwekundu hafifu, na ukiwasha fari ndefu inazidi kufifia. Sababu yake ni hii: umeme ukikosa njia yake ya kurudi, unapita katika ampuli ya jirani ili kurudi kwa mlango wa mwingine. Kujaribu ni rahisi. Chukua waya mrefu, funga upande mmoja kwenye ile nguzo ya batri iliyofungwa kwenye shasi, na upande wa pili gusa chuma cha kishikio cha taa inayosumbua. Ikiwaka vizuri, umepata. Kwaruza rangi na kutu mpaka chuma king'ae, funga waya mweusi mpya kwa buloni na rondela, kisha paka grisi juu yake ili maji yasiingie. Sisi tulipeleka waya wa masi kutoka kila taa mpaka kwenye shasi, tukaacha kutegemea bodi.

Usisahau kamba nene inayotoka batri kwenda shasi, na ile inayounganisha injini na shasi. Na vichwa vya batri: ule unga wa kijani na mweupe uoshwe kwa maji ya moto na soda ya kuokea, vifuniko vya batri vikiwa vimefungwa ili soda isiingie ndani. Batri nzima iliyopumzika inaonyesha karibu volti 12.6. Ikionyesha 12 au chini ya hapo, ina njaa. Injini ikizunguka vizuri, usome kati ya 13.5 na 14.4 hivi. Gari la dinamo hufifia taa likinguruma polepole, hilo si ugonjwa, ndivyo dinamo ilivyo. Lakini ukikanyaga mafuta mwanga urudi. Dinamo ya Lucas ya gari kama letu inatoa karibu ampea 22 tu. Vijana wanaofunga fari nne za nyongeza juu ya paa, fanyeni hesabu kwanza.

Sasa jambo la hatari. Katika Land Rover hizi za zamani, fari hazipiti katika fizibli. Zile fizibli mbili ndogo zinalinda vitu vingine. Waya wa fari ukikwaruzwa na chuma na kugusa bodi, hakuna kitu cha kuukata. Utawaka mwekundu ndani ya mpira wake, na gari litaungua. Sisi tulifunga fizibli moja kwa kila fari, na rele. Rele ni swichi inayofungwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa, na namba za miguu yake ni hizi karibu kila mahali: 30 inapokea umeme kutoka batri kupitia fizibli, 87 inaupeleka kwenye fari, 86 inapokea amri kutoka swichi ya zamani, 85 inakwenda masi. Tulifunga rele mbili, moja ya fari ndefu na moja ya fari fupi, ili swichi ya mguu isichome tena vidole vyake kwa ampea kumi. Gharama yake ni ndogo kuliko fari moja mpya.

Na fizibli ikikatika, imekatika kwa sababu. Usiweke karatasi ya sigara, wala msumari, wala waya wa shaba mahali pake. Mmoja wetu alifanya hivyo na lori lake (hatumtaji, anajijua), na mimi ndiye niliyemfunga bandeji mikono yote miwili.

Juu ya chanya na hasi: magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya 1967 hivi yalifunga nguzo ya chanya kwenye shasi, kinyume cha magari ya leo. Tazama kwanza kabla ya kufunga batri. Ampuli ya uzi haijali umeme unaingia upande gani, lakini alternateri, redio na taa za LED hufa mara moja. Na kuhusu hizo ampuli za LED zinazouzwa Kalemie sokoni: ndani ya kioo cha fari ya zamani, kilichochongwa kwa ajili ya uzi mdogo wa moto, mwanga hutawanyika kila upande. Mwenye gari anaona kweupe karibu na bampa, anafurahi. Anayekuja mbele yake anapofuka. Mimi sizipendi katika fari. Katika klinyota pia zinasumbua, kwa sababu kile kikopo cha zamani cha kupepesa kinategemea mzigo wa ampuli za wati 21. Mzigo ukiwa mdogo, klinyota zinakimbia mbio au zinakataa kupepesa. Kwa hiyo ukiona klinyota ya upande mmoja inakwenda mbio, kwanza tazama kama ampuli moja imekufa.

Kuna kosa lingine ambalo wengi hawalijui. Fari fupi hazimwagi mwanga sawasawa pande zote. Zinainua mwanga kidogo upande wa ukingo wa barabara, ili kuona watembea kwa miguu. Gari lililotengenezwa kwa Uingereza, Zambia au Tanzania, ambako watu wanapita kushoto, linainua mwanga kushoto. Hapa Kongo tunapita kulia, kwa hiyo gari hilo linamchoma macho kila anayekuja mbele, na wamama wanaotoka shambani kando ya kulia wanabaki gizani. Hakuna visi ya kurekebisha hilo, kioo chenyewe ndicho kibadilishwe. Nunua fari za kupita kulia. Kisha zipange: simamisha gari mahali tambarare, mita 5 mbele ya ukuta, likiwa na uzito wake wa kawaida. Weka alama ukutani kwenye kimo cha katikati ya fari. Mstari wa juu wa mwanga wa fari fupi ukae sentimeta 5 au 6 chini ya alama. Gari lililobeba mgonjwa na ndugu zake wanne nyuma linainua pua, kwa hiyo sisi tulipanga letu watu wakiwa ndani.

Sheria ya barabara ya nchi yetu, ile ya tarehe 30 Agosti 1978, ina masharti yake juu ya taa. Lakini hata polisi asipokuwapo, fikiri juu ya mtu wa baiskeli. Gari lenye fari moja, usiku, linaonekana kama pikipiki. Mtu anaacha nafasi ya pikipiki, na bodi zima linampata. Wazazi, waambieni watoto hivyo: mkiona jicho moja, tokeni barabarani kabisa mpaka lipite.

Kabla ya kushika kazi yoyote ya taa, ondoa kamba ya batri inayokwenda shasi, iwe ya kwanza kutoka na ya mwisho kurudi. Unapotaka kupima, irudishe, pima, uiondoe tena. Vua pete na saa ya chuma. Pete ikigusa chanya na shasi pamoja, inakuwa nyekundu kidoleni kabla hujalia. Batri inayochajiwa inatoa gazi inayolipuka, kwa hiyo hakuna sigara, hakuna buji, hakuna kuchungulia maji ya batri kwa kiberiti. Ukiazima umeme wa gari lingine, kijibanio cha mwisho kifungwe kwenye chuma cha injini, mbali na batri. Vaa miwani ya kazi. Watoto wasicheze karibu.

Maji ya batri ni asidi. Yakiruka jichoni, usitafute maziwa, usitafute mafuta, usiweke soda. Maji safi tu, mengi, mara moja, jicho likiwa limefunguliwa kwa vidole, kwa dakika 20 au zaidi, ndipo uje kwangu, hata kama ni usiku. Yakimwagika kwenye ngozi, vua nguo iliyolowa na uoshe vivyo hivyo. Ukichomwa na waya moto, maji baridi dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya gari viache mahali pake.

Sasa nitoke kidogo nje ya gereji. Shoferi mmoja alikuja kwa Baba Fundi mara tatu kulalamika juu ya fari, na mara tatu tulipima, fari zilikuwa nzuri. Baba Fundi akamleta kwangu. Alikuwa haoni jioni. Mchana anaona, jua likishuka anagonga viti. Wengine wana mtoto wa jicho, na taa za wengine zinawatawanyikia machoni kama maua. Hao huwapeleka kwa daktari wa macho. Lakini ugonjwa wa kutoona jioni mara nyingi ni njaa ya vitamini A, na watoto na wamama wenye mimba ndio wanaoupata zaidi. Dawa yake iko jikoni kwetu: mafuta ya mawese mekundu, sombe, maembe, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, maini. Ila mama, ukichoma mawese mpaka yawe meupe, ile rangi nyekundu unayoifukuza ndiyo vitamini yenyewe. Na watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 wapelekwe wapewe matone yao siku zinapotangazwa.

Nirudi kwenye gari. Wageni hucheka kidogo wakisikia kwamba hapa Piana-Mwanga tunahangaika na taa. Maporomoko haya ya Luvua ndiyo Géomines iliyoyajengea kituo cha umeme katika miaka ya 1930, ili kuendesha mashine za kasiterite kule Manono. Wababu zetu walishika waya minene kuliko mkono. Kisha mitambo ikanyamaza miaka mingi. Baba Fundi alijifunza kazi kwa baba yake aliyekuwa mtu wa turbini, na bado ana koleo lake lenye mpini wa mpira. Ndilo tulilotumia kubana kila kiungo cha Land Rover.

Kazi ya taa ilituchukua siku za Mungu tisa. Tulivua nyaya zote, tukazilaza chini kwenye turubai kama mifupa ya samaki, tukabadilisha zile zilizokauka mpira, tukaacha nzima. Swichi ya mguu tuliihamisha kutoka sakafuni, tukaiinua mbali na tope. Klinyota, taa za breki, taa ya ndani ya kumulika mgonjwa, na torshi inayochajiwa penye kishikio chake mlangoni.

Chini ya kiti cha shoferi kuna sanduku dogo la bati lenye msalaba mwekundu, nalo si la dawa. Ndani mna ampuli mbili za fari, nne za nyuma, fizibli kumi, koleo, turnavisi, shatertoni, taa ya kupimia, na kipande cha waya wa nusu mita kilichochunwa ncha zote mbili. Kila jioni saa kumi na mbili shoferi wa zamu anawasha kila taa mbele yangu, mimi natembea kuzunguka gari na daftari, naandika. Kama kuna taa inayopepesa, gari halilali kabla halijapimwa. Tangu lifufuliwe limekwenda usiku mara kumi na moja kwenye njia ya Manono. Mara ya nne fari ya kulia ilizimika, kisi kimoja kilikuwa kimelegea. Shoferi alisimama, akachukua sanduku, akamaliza kabla mkunga hajamaliza kupima mapigo ya moyo wa mgonjwa.